Nilichojifunza kwa seli zinazogoma kukomaa

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na hata watu wa sayansi wenyewe wananiuliza, ni hili: si wewe ni mtafiti wa lukemia, sasa seli nyekundu zinaingiaje hapo? Manake kwa watu wengi lukemia, saratani hii ya damu, ni kesi ya seli nyeupe, zimekuwa nyingi kupita kiasi, basi, ndo hivo tulivyofundishwa shuleni na ndo hivo inavyoelezwa mpaka leo. Nimeishi na hilo swali miaka mingi na jibu langu limekuwa likibadilika, ndo nikaona niandike kwa kirefu, kwa sababu naamini kabisa kwamba hapo kati ya hivi vitu viwili kuna mambo makubwa tunayapita mbio.

Anza na mgonjwa. Mtu mwenye lukemia kali haji hospitali akilalamikia seli nyeupe, hakuna anayezihisi. Anakuja amechoka, akipanda ngazi kidogo moyo unaenda mbio, viganja na midomo imepauka, usingizi haumtoshi hata alale kutwa. Huo uchovu ni wa seli nyekundu. Uboho, ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, umeacha kuzitoa kwa kiasi kinachotakiwa, na ndo maana wagonjwa wengi wanaongezewa damu tangu siku za mwanzo kabisa za matibabu. Kwa hiyo mimi nikisema nasoma seli nyekundu sijaikimbia lukemia, nipo palepale mgonjwa anapoumia.

Na zote zinatoka sehemu moja. Till na McCulloch kule Toronto walichapisha mwaka 1961 ule utafiti wao maarufu, waliwapiga panya mionzi hadi uboho ukafa, wakawadunga uboho wa panya wazima, baada ya siku kama 10 wakakuta vinundu kwenye wengu, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kimezaliwa na seli moja tu. Seli moja inatoa nyekundu, inatoa nyeupe, inatoa chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja. Ukishaelewa hilo, kutenganisha “ugonjwa wa seli nyeupe” na “mambo ya seli nyekundu” kunaanza kukosa maana.

Sasa ngoja niseme kidogo seli nyekundu inatengenezwaje, maana bila hapo mengine hayataeleweka. Mwili wa mtu mzima unatoa seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde. Kila sekunde! Kila moja inaishi siku kama 120 na inabeba molekuli kama milioni 270 za hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni ya eritropoietini, ile homoni inafika kwenye uboho na kuziambia seli changa zisife, ziendelee. Baada ya hapo seli inagawanyika mara chache, na kila ikigawanyika inatoka ndogo zaidi, na ukizipaka rangi ya Giemsa unaona mabadiliko hatua kwa hatua, zile changa ni za bluu iliyokolea, zinafuata za kijivujivu, alafu za waridi kadiri hemoglobini inavyojaa. Na mwisho seli inafanya jambo ambalo mimi hadi leo linanishangaza, inakitoa kiini chake nje. Inakisukuma upande mmoja, inakikata, inakiacha. Pembeni kuna makrofeji, seli ya kumeza takataka, inayokimeza kile kiini, na hizi seli changa zinakulia zimeizunguka makrofeji hiyo kama kisiwa, jambo ambalo Mfaransa Marcel Bessis alilieleza mwaka 1958.

Fikiria maana yake. Seli imetupa jeni zake zote. Haiwezi kugawanyika tena, haiwezi kujirekebisha, haiwezi kurudi nyuma, imebaki na kazi moja tu ya kubeba oksijeni kwa hizo siku 120. Na upande wa pili, kwenye uboho uleule, kuna seli ya lukemia ambayo inagawanyika bila kukoma na haifiki popote. Ile siku nilipoziona hizi mbili kwenye slaidi moja, moja inasukuma kiini nje na nyingine iko changa vilevile kama ilivyokuwa mwanzo, ndo nilijua kazi yangu itakuwa ipi. Nilitaka kujua hii moja imekubalije na ile nyingine imegomaje.

Supavaiza wangu alikuwa mama mmoja mkimya sana, mtu wa maneno machache, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya seli za Friend. Charlotte Friend, huyu mama wa New York, mwaka 1957 alichapisha habari za virusi vinavyosababisha lukemia kwa panya waliokwisha kukua, wakati ambao wengi hawakutaka kusikia kwamba virusi vinaweza kuleta saratani kwa mamalia. Lakini kazi yake iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 1971. Yeye na wenzake walichukua seli za lukemia hiyo zinazokuzwa maabara, wakaziwekea DMSO, kimiminika tu ambacho maabara nyingi zinacho kwa ajili ya kugandishia seli, na zile seli za saratani zikaanza kutengeneza hemoglobini.

Basi na mimi nikairudia. Unaweka kama asilimia 1.5 hivi, unasubiri, kila siku unatoa kidogo unazungusha kwenye sentrifuji zikae chini ya tyubu. Siku za mwanzo kale kadoa ka chini ni keupe keupe tu, hakana habari. Siku zilivyokwenda kakawa ka waridi, alafu kakawa kekundu kabisa, wala huhitaji mashine yoyote, unainua tyubu kwenye mwanga unaona kwa macho yako. Nikampelekea yule mama mbiombio.

“Mwanangu, umeona?” akaniambia. “Hii saratani ilikuwa inajua kutengeneza hemoglobini muda wote huo.”

“Sasa Profesa, ilikuwa inasubiri nini?”

“Hilo kakae nalo.”

Nimekaa nalo mpaka leo, kwa kweli. Kwa sababu mimi kama watu wengi nilikuwa nafikiri seli ya saratani imeharibika, imepoteza maarifa, dawa yake ni kuiua tu. Kumbe kuna nyingine maarifa yote bado yamo ndani, pamezibwa tu mahali fulani, na ukipazibua inaendelea na safari na inaacha kugawanyika yenyewe. Hiyo ni tiba ya namna nyingine kabisa na ile ya kuua.

Na haikubaki kwenye panya. Kule Shanghai, Wang Zhen-Yi na wenzake mwaka 1985 walimpa mtoto wa kike wa miaka 5 mwenye aina ya lukemia iitwayo APL dawa inayotokana na vitamini A, inaitwa ATRA, na yule mtoto akapata nafuu kamili. Mwaka 1988 wakachapisha wagonjwa 24, na 23 kati yao walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake. Kabla ya hapo APL ilikuwa kati ya lukemia zinazoua haraka kuliko zote, mtu anatokwa damu ndani anaondoka kwa siku chache. Leo ATRA ikienda pamoja na aseniki trioksaidi wagonjwa wengi mno wanapona, na wengi wa wale wasio kwenye hatari kubwa hawahitaji hata kemotherapi ya kawaida. Kilichokuwa kimezuia ni protini moja iliyozaliwa kromosomu mbili zilipokatika na kuungana vibaya, ya 15 na ya 17. Dawa inaishika hiyo protini, kizuizi kinatoka, seli inakomaa.

Watu wakisikia hivyo wanauliza, basi si mfanye hivyo kwa lukemia zote? Hapo ndo pagumu, na hapo ndo nilipofundishwa na seli nyingine, K562. Hizi zilitoka kwa mama wa miaka 53 aliyekuwa na lukemia sugu ya aina ya CML iliyokuwa imefikia hatua ya mwisho, na zilielezwa na Lozzio na Lozzio mwaka 1975. Ukizipa hemini, kile kiungo chenye chuma kinachofanana na cha ndani ya hemoglobini, zinakuwa nyekundu nazo, vizuri tu, unafurahi. Lakini ukizifuatilia kwa makini unakuta zinaendelea kugawanyika, kiini hakitoki, na hemoglobini yenyewe ni ya kiinitete na ya mtoto aliye tumboni, na ukiiondoa hemini wekundu wenyewe unapotea taratibu. Yaani zimevaa rangi tu. Toka hapo mtu akiniletea tyubu nyekundu akaniambia seli zimekomaa, namuuliza kwanza zimeacha kugawanyika? zimepungua ukubwa? na zile alama za juu ya seli, CD71 imeshuka? CD235a imepanda? umewahi kuona hata moja inatoa kiini? Wanafunzi wangu wanaona nawasumbua ila nadhani hii ndo sehemu ya muhimu kuliko zote kwenye kazi yetu, kwa sababu dawa inayoipaka seli rangi bila kuizuia kugawanyika haitamsaidia mgonjwa yeyote.

Jeni iliyonisaidia kuelewa vizuizi ni GATA1. Iligunduliwa mwaka 1989, na kazi yake ni kuwasha jeni za seli nyekundu, za hemoglobini zikiwemo. Panya wakinyimwa hiyo jeni seli zao nyekundu zinakwama mapema kabisa, kwenye hatua changa ya proeritroblasti, na zinafia hapohapo. Sasa cha ajabu, mwaka 2002 ikaonekana kwamba watoto wenye Down syndrome wanaopata lukemia ya seli zinazotoa chembe sahani wana hitilafu kwenye GATA1 hiyohiyo, protini inatoka fupi, imekosa kipande cha mwanzo. Na kuna watoto wa aina hiyo wanaozaliwa na damu iliyojaa blasti, yaani seli changa mno, ukiiangalia kwenye hadubini utaapa hii ni lukemia, na wengi wao inaondoka yenyewe ndani ya miezi michache bila dawa! Ila sehemu yao inawarudia ikiwa lukemia ya kweli kabla hawajafika miaka 4 au 5. Nikisoma hayo nilikuwa nafunga kompyuta natembea kidogo nje, maana jeni ileile inayomfikisha mtu kwenye damu nyekundu ikikatwa kipande tu inafungua mlango wa saratani, na saratani yenyewe inaweza ikaja ikaondoka. Jambo la kushukuru ni kwamba hao watoto lukemia yao kwa kawaida inaitikia kemotherapi vizuri.

Upande wa pili kuna lukemia ya seli nyekundu changa zenyewe, ile ambayo zamani waliiita M6. Ni adimu, chini ya asilimia 5 za lukemia kali za aina ya AML, na ni mbaya sana, mara nyingi unakuta TP53, jeni inayozuia saratani, imeharibika, na wagonjwa wengi hawaongezi hata mwaka. Hapa DMSO na vitamini A hazijafanya kitu. Nalisema wazi kwa sababu mtu akisoma habari za APL anaweza kudhani tumeshashinda.

Wakati fulani nilikuwa naenda wodini mwenyewe kuchukua sampuli, siku hizi zinaletwa zikiwa na namba tu, hakuna jina, na ni sawa kwa ajili ya siri ya mgonjwa. Kuna mama mmoja mwanae alikuwa amelazwa, akaniangalia nilivyokuwa naweka alama kwenye tyubu akauliza, “Hii mnayochukua itamsaidia mwanangu?” Nikamjibu hapana mama, haitamsaidia yeye, inaweza ikatusaidia kuelewa ugonjwa. Akanyamaza kidogo. “Basi mkielewa mtakuja kuniambia?” Sikuwa na jibu. Kwenye makaratasi yote ya idhini tuliyoandika hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema tutarudi kumwambia mtu. Tulikaa na wenzangu tukalizungumza, na tangu hapo kila kazi ikichapishwa tunaandika ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida, hakuna vifupisho, unapelekwa kwenye kliniki za wagonjwa waliochangia, anayetaka anachukua. Kuandika huo ukurasa kunanichukua muda kuliko muhtasari wa makala yenyewe, na mara nyingi nikishindwa kueleza kitu pale nagundua hata kwenye makala hakijaeleweka sawasawa.

Ni kwenye kuandika hizo kurasa ndo nilianza kugombana na maelezo fulani tuliyoyazoea. Wagonjwa wakiuliza kwa nini damu imepungua huwa wanaambiwa seli za lukemia ni kama magugu shambani, zimejaa uboho, mazao yamekosa nafasi. Ni maelezo mazuri, yanaingia akilini, na kwa baadhi ya wagonjwa ni kweli kabisa. Lakini kuna wagonjwa ambao uboho haujajaa blasti kiasi hicho na bado seli nyekundu zimeporomoka. Alafu kuna haya magonjwa ya uboho yanayoitwa MDS, ambayo kwa baadhi ya watu yanaishia kuwa lukemia kali, unachukua uboho wa mtu unakuta seli tele, zimejaa, lakini kwenye mishipa damu ni chache, manake zinaanza safari na kufia njiani. Wengine seli zao changa zina pete ya madini ya chuma kuzunguka kiini, chuma kipo kingi, seli inashindwa kukitumia, na mwaka 2011 ikajulikana wengi wa hao wana hitilafu kwenye jeni ya SF3B1. Mtu wa namna hii ukimpa vidonge vya chuma miezi na miezi humsaidii, unamwongezea mzigo. Nafasi ilikuwepo, chakula kilikuwepo. Tatizo liko kwenye kukomaa.

Na hapa kuna jambo linalonipa moyo sana, kwamba dawa zimekuwa zikivuka kutoka upande huu kwenda ule. Haidroksiyurea ilitumika kwenye CML kwa miaka mingi, leo ni nguzo ya wagonjwa wa selimundu kwa sababu inaamsha hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Azasitidini mwaka 1982 ilijaribiwa kuamsha hemoglobini hiyohiyo, alafu 2004 ikaidhinishwa Marekani kwa MDS. Na ile luspatercept, inayosaidia seli nyekundu zimalizie hatua zake za mwisho, iliidhinishwa huko 2019 kwa thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini, na 2020 kwa MDS zenye zile pete za chuma. Watu waliokaa kwenye “magonjwa ya seli nyekundu” na waliokaa kwenye “saratani” wamekuwa wakilishana bila hata kukaa meza moja. Mimi natamani wakae meza moja, na vijana wanaoingia kwenye hii kazi nawashauri wasichague upande mapema, wajifunze seli yenye afya inavyokomaa kwanza, kwa mikono yao, ndo waende kwenye ile iliyogoma.

Najua ni kazi ya kuchosha. Ukianza na seli shina zinazotoka kwenye damu ya kitovu, kuzifikisha hadi zitoe kiini ni wiki tatu hivi, hakuna Jumapili, zinahitaji chakula kipya, zikibanana sana zinakufa, ukipunguza eritropoietini kabla ya wakati zinakufa, na maikoplazma, bakteria wadogo sana, ikiingia unamwaga vyote unaanza upya. Wenzangu wanaofanya kazi na seli za saratani wana majibu baada ya siku mbili tatu. Kipindi fulani nilitamani sana kuhama. Nilibaki kwa sababu kila nilipokuza seli zenye afya kwa wiki zote tatu nilijifunza kitu kuhusu lukemia ambacho zile za haraka hazikunionyesha, hasa hili la muda, kwamba kizuizi hakiko popote tu, kuna dirisha dogo kabla seli haijaanza kujaza hemoglobini ambapo inaamua kuendelea kugawanyika au kuelekea mwisho, na ukikosa kuangalia siku hizo mbili umekosa kila kitu.

Sasa hivi tunakuza seli nzima, yaani zenye afya, juu na seli za lukemia chini, katikati kuna utando wenye vitundu vidogo ambavyo seli haziwezi kupita lakini majimaji na protini zinapita. Hazigusani, hazigombanii nafasi. Na bado zile za juu zinachelewa, na zinachelewa ndani ya dirisha lilelile. Tukizihamishia kwenye majimaji mapya zinaendelea na safari, zinajaza hemoglobini, nyingi zinatoa kiini vizuri tu. Kwa hiyo kuna kitu zile za chini zinakitoa, na kikiondolewa zile nzima hazijaharibika. Tumeanza kuyagawa yale majimaji kwa ukubwa wa protini zilizomo, kila fungu tunalipa seli nzima peke yake tuone ni lipi linalozisimamisha, na kila fungu linadai wiki zake tatu.